MARADHI MAWILI, TIBA MBILI

Wako wasemao kwamba mvua zikiyumba Mishamo, mkoani Katavi, sababu ni kutoboka kwa tabaka la ozoni. Twasema: hayo ni maradhi mawili. Ozoni hutukinga na miali mikali ya jua. Joto la dunia huletwa hasa na hewa ya ukaa itokayo katika makaa ya mawe, mafuta na misitu ichomwayo. Gesi za majokofu ya kale zilileta yote mawili. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizibana, na leo ozoni yaanza kupona. Gesi zilizoshika nafasi yake haziiharibu ozoni, bali zaongeza joto. Ndipo mkutano wa Kigali wa 2016 ukaamua zipunguzwe.

Ndugu, wenye viwanda walibanwa wakatii. Wabanwe na kwa ukaa! Nasi tuitunze miombo ya Mishamo, wala mkulima asitwishwe peke yake mzigo wa matajiri.