Tintin: tusifiche kitabu, tukisome pamoja na batoto



Kuko kitabu cha picha chenye batoto bangali banasoma: Tintin au Congo. Hergé, Mubelgiji, alianza kukichora mu 1930, na yeye hakukanyaga Kongo hata siku moja. Mule, mutu mweusi ni midomo tu, anasema Kifaransa cha kuvunjika-vunjika. Treni inaanguka, na mbwa wa muzungu njo anatukana beusi asema ni bavivu. Mu chapa ya kwanza, Tintin anafundisha batoto asema inchi yabo ni Ubelgiji. Mu 1946 somo lile likageuzwa hesabu. Sura za batu zikabakia vile vile.

Mukongomani mumoja, Bienvenu Mbutu Mondondo, alipeleka mashitaka Brussels mu 2007. Mu 2012 tribinali ikakatala.

Bamoja banasema: tukichome. Sisi tunasema hapana. Mutoto atakikuta ku telefone, peke yake, na atacheka bila mutu wa kumuuliza kitu. Afazali tukae naye. Tumuulize: nani alichora? Nani anasema muzuri, nani anasema mubaya? Nani anatuma, nani anabeba? Kisha tumwambie kweli: ile miaka, kiwanda cha Shituru kilikuwa kimeanza kazi hapa Likasi, tangu 1929. Babu zetu banachimba shaba, banaiyeyusha, banaipakia mu treni. Bavivu ni banani?

Lakini tusiishie ku muzungu. Mu 1992, hapa hapa Katanga, bandugu benye asili ya Kasai baliitwa "bilulu", ni kusema badudu. Jamaa nzima zikafukuzwa mu nyumba, zikalala ku gare ya Likasi zikingoja treni, na batu bakafa pale. Ile picha hakuna muzungu aliichora. Ilichorwa na kinywa, mu Kiswahili chetu. Njia ni ile ile: kwanza unamunyanganya mutu sura yake, kisha kumufukuza hakukuumize tena roho.

Na lile neno lingali linasikika. Mutoto akilileta nyumbani, tusimupige, tusinyamaze. Tufungue kitabu, tumuonyeshe ukurasa wa treni, tumuulize: wewe ungependa kuchorwa hivi?

Kisha tumupe karatasi na kalamu. Achore ile treni upya, na batu benye kuijenga, kila mumoja na sura yake na jina lake.

Kazi hii haiombe ruhusa ya mutu. Tuianze nyumbani, juma hili.