Mwezi Kwanza, Mahali Baadaye

Mtu aliyezaliwa karibu na Ikweta hulihesabu jua kuwa mali isiyokwisha. Kisumu au Nyeri, jua huchomoza na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu, Januari hata Desemba. London mambo ni mengine. Mwishoni mwa Desemba jua la huko huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri, na hata saa hizo chache mara nyingi hufunikwa na mawingu. Karani wa mji ule huondoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Basi si ajabu kwamba Waingereza wengi, matajiri na watu wa mshahara wa kadiri, huweka akiba mwaka mzima ili wapate juma moja au mawili ya kukaa ng'ambo wakati wa baridi.

Siku zenyewe si nyingi. Sheria ya Uingereza humpa mfanyakazi wa juma zima likizo ya siku 28 za kazi kwa mwaka pamoja na mshahara wake, na mwajiri ana ruhusa ya kuzihesabu sikukuu za serikali ndani ya siku hizo. Mtu akichagua vibaya, siku zake hazirudi, na fedha zake zimekwisha kwenda. Kwa sababu hii, kuchagua mahali pa safari kwafanana na kuchagua mbegu: mbegu iliyo njema kabisa, ikipandwa katika mwezi usio wake, haimletei mwenyewe chochote ila hasara.

Swali la kwanza ni hili: msafiri anataka nini? Husimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli mmoja wa St. Moritz katika milima ya Uswisi, jina lake Johannes Badrutt, aliwaambia wageni wake Waingereza waliokuja wakati wa joto kwamba warudi wakati wa baridi. Wasiporidhika, yeye mwenyewe atawalipia nauli. Wakarudi, wakakuta theluji chini na jua kali juu, wakakaa hata Pasaka. Katika mwaka huo huo reli ilifika Nice, pwani ya kusini ya Ufaransa, na matajiri wakazidi kumiminika huko ili waikimbie theluji hiyo hiyo. Wote hao walichagua vema, maana kila mmoja alijua haja yake.

Ajuaye haja yake hadanganyiki na picha nzuri. Kwa mfano, Tromsø, mji wa kaskazini ya Norwe, hupendwa sana na wageni wakati wa baridi. Lakini tangu mwishoni mwa Novemba hata katikati ya Januari jua halichomozi huko kamwe. Wageni huja kuitazama mianga ya rangi ya kijani iendayo ikicheza angani usiku. Mianga hiyo nayo haina ahadi: mawingu yakitanda haionekani, na mtu aliyejipa usiku mmoja tu aweza kurudi kwao asiione. Mwenye kutaka mianga hiyo na ajipe siku kadhaa. Mwenye kutaka kuota jua na asiende huko.

Swali la pili ni la mwezi. Wengi hudhani kwamba kila nchi iliyo kusini ya Uingereza ina joto wakati wote. Sivyo. Pwani ya Bahari ya Kati, ambayo huwaka jua mwezi wa Julai, hupata mvua yake wakati wa baridi, na maji ya bahari huwa baridi. Luxor, katika Misri, mambo yamegeuka: Julai joto hupita digrii 40, lakini Januari mchana huwa karibu digrii 23, na mtu aweza kuyatembelea makaburi ya wafalme wa kale bila kutaabika. Kwa hiyo Thomas Cook, alipowaongoza Waingereza katika safari yake ya kwanza ya Misri mwaka 1869, aliwapeleka katika miezi ya baridi ya kwao. Hata hivyo, usiku wa Luxor ni wa baridi, na mgeni asiyechukua sweta hujuta.

Tena nchi moja yaweza kuwa na hali mbili. Kisiwa cha Tenerife ni cha Uhispania, ingawa kipo karibu na pwani ya Afrika. Katikati yake umesimama mlima Teide, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,700. Pepo zitokazo kaskazini-mashariki huleta mawingu upande wa kaskazini, nao ukawa na unyevu na majani mabichi. Upande wa kusini umekingwa na mlima, ukawa mkavu wenye jua. Mkulima aliyeuona Mlima Kenya hahitaji kufundishwa jambo hili. Vivyo hivyo katika Thailand: mwezi wa Novemba Phuket, upande wa magharibi, huanza kukauka, hali kisiwa cha Ko Samui, upande wa mashariki, kimo katika mvua zake kubwa. Mtu asemaye tu, "Nakwenda Thailand," bado hajachagua.

Swali la tatu ni la masafa. Toka London mpaka Tenerife eropleni huchukua muda wa saa nne na nusu hivi. Mpaka Nairobi, karibu saa tisa. Mpaka Cape Town, karibu kumi na mbili. Mpaka Sydney, karibu siku nzima. Cape Town ina sifa mbili za kupendeza: Desemba na Januari huko ni majira ya joto yasiyo na mvua nyingi, na saa zake zimeitangulia London kwa saa mbili tu, hivyo mwili wa msafiri hausumbuki kwa usingizi. Sydney pia ni wakati wa joto, lakini mwenye likizo ya siku saba atazimaliza siku nyingi katika kusafiri na kusinzia. Huyo afadhali aridhike na Tenerife.

Swali la nne ni la fedha. Nauli hupanda shule zinapofungwa kwa Krismasi, na mara nyingi hushuka baada ya Mwaka Mpya watu wanaporudi kazini. Asiye na watoto wa shule na angoje Januari. Tena na aangalie namna alipiavyo. Septemba 2019 kampuni ya Thomas Cook, iliyokuwa imedumu miaka 178, ilifilisika kwa ghafula, na serikali ya Uingereza ikalazimika kuwarudisha kwao watu zaidi ya 140,000 waliokuwa ng'ambo. Walionunua safari zenye dhamana ya serikali, ambao walikuwa hawajaondoka, walirudishiwa fedha zao. Karatasi ndogo ya dhamana ni sehemu ya safari kama vile tiketi.

Pwani ya Kenya yajulikana katika hesabu hii. Kaskazi ivumayo Desemba mpaka Machi huleta siku kavu Mombasa, Malindi na Lamu, na ndiyo upepo ule ule uliowaleta manahodha wa Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi, wakingoja kusi iwarudishe. Masika ya Aprili na Mei yakianza, wageni hupungua. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nao mvuvi na mkulima wa mboga wa Pwani wana faida kubwa kuujua mwezi wa mgeni, ili mavuno yao yawahi mlango wa hoteli ukiwa wazi.

Maswali haya humfaa pia mzazi wa Kenya ambaye mwanawe anasoma Uingereza na kumwandikia, "Njoo unitembelee." Haja yake ikiwa kuiona nchi, mashamba yake na miji yake, na aende Juni, wakati mchana wa London unapita saa kumi na sita. Ikiwa haja ni kuila sikukuu ya Krismasi pamoja na mtoto, Desemba ndio mwezi wake, giza au pasipo giza. Lakini na achukue koti zito na viatu visivyopenya maji, tena awasili kabla ya tarehe 25, kwa maana siku hiyo treni na mabasi ya London hayatembei, na aliyefika uwanja wa ndege bila mtu wa kumpokea atapata taabu kubwa kuufikia mlango wa mwanawe.