Kigari cha Vipande 94

Mwezi huu hatuzungumzii mapishi wala ushonaji. Tunakuletea kitu kidogo kinachoingia ndani ya mkoba wako: boksi la vitofali vya plastiki ambalo mtoto hulifungua, akaunganisha kipande kimoja kimoja, mwishowe akapata gari. Wengi wetu tumeyaona maboksi hayo madukani. Tumeyageuza tukatazama bei, kisha tukayarudisha mahali pake kimya kimya, huku mtoto akituvuta gauni. Je, kitu kidogo namna hiyo kinastahili fedha yote ile? Hilo ndilo swali tulilotaka kulijibu, na tuliona haifai kulijibu bila kukaa chini na watoto wenyewe.

Tulichukua maboksi mawili. La kwanza ni gari la polisi la LEGO, katika jamii ya vichezeo vyao iitwayo City. Lilitolewa mwaka 2022 likiwa na namba 60312. Lina vipande 94 pamoja na askari mmoja mdogo, na limekusudiwa watoto wa kuanzia miaka 5. La pili lilikuwa la bei nafuu zaidi, nalo pia la gari dogo, lakini halikuwa na jina la kiwanda tunachokifahamu. Tuliyapeleka nyumbani kwa mwenzetu mmoja mwenye mtoto wa kiume wa miaka 6 na binti wa mwaka mmoja na nusu. Tukatandika mkeka, tukashinda hapo Jumamosi nzima.

Mtoto anapokosea

Ndani ya boksi la kwanza mna kijitabu cha maelekezo. Hakina maneno ya kusoma bali picha tu, hatua kwa hatua, kwa hiyo hata mtoto ambaye hajajua kusoma anaweza kukifuata. Mtoto wetu alianza kwa furaha. Akatafuta kipande, akakibana, akafungua ukurasa mwingine. Mama yake akaenda jikoni kuchambua mchele, na sisi tukabaki tunatazama.

Alipofika karibu na mwisho, paa lilikataa kukaa. Akalisukuma, likakataa. Akasukuma tena, upande mmoja ukabomoka, na hapo machozi yakamtoka. “Limeharibika!” akasema, akalitupa mkekani. Mama yake alitoka jikoni mbio na mikono yenye pumba, akataka kulichukua amtengenezee. Tulimzuia. Tukamwambia mtoto, “Halijaharibika. Rudi nyuma kurasa mbili, tazama picha, kisha tazama gari lako.”

Alikaa muda mrefu akilinganisha. Kisha akaona mwenyewe: kipande kimoja alikuwa amekiweka nafasi moja mbele. Akakitoa, akakirudisha mahali pake, na paa likakaa. Hakusema neno. Alimchukua askari wake, akamketisha ndani ya gari, akaanza kuliendesha kuzunguka mkeka.

Mama, somo hilo si dogo. Mara ngapi mtoto hukosea hesabu shuleni, akafuta ukurasa mzima kwa hasira hadi daftari likatoboka? Hapa alijifunza kwa mikono yake kwamba kosa lina mahali lilipoanzia, na kwamba mtu anaweza kurudi hadi pale akaanza tena. Tungemtengenezea sisi, angepata gari, lakini somo hilo angelikosa.

Kwa nini vipande hushikana

Ukikitazama kitofali kimoja utaona vinundu vya mviringo juu yake, na chini yake utaona uwazi wenye mirija midogo. Ukikibandika juu ya kingine, vinundu vya kile cha chini hubanwa kati ya mirija na kuta za kile cha juu. Hakuna gundi wala msumari. Jambo gumu ni kupata kipimo sawasawa: kikibana mno, vidole vya mtoto haviwezi kukitoa; kikilegea, gari humeguka likisukumwa. Muundo huo wa vinundu na mirija uliandikishwa kisheria nchini Denmark mwaka 1958, na kitofali cha mwaka ule bado hushikana na cha leo. Maana yake ni kwamba vitofali vya kaka mkubwa vinaweza kuchezewa na mdogo wake, na hata na watoto wao baadaye, vikitunzwa.

Boksi letu la pili lilikosa kipimo hicho. Vipande vingine vilihitaji meno kuvitoa, na vingine havikushika kabisa. Lakini kasoro kubwa ilikuwa matairi. Mtoto alilisukuma gari mara tatu nne, tairi moja likachomoka na kubingirika. Wakati sisi tunashughulika na kijitabu chake, ambacho picha zake hazikueleweka, tulisikia kikohozi. Binti mdogo alikuwa amelifuata lile tairi na kulitia kinywani.

Tunamshukuru Mungu alikohoa kwa nguvu, likatoka likaanguka kifuani pake. Jambo lote halikuchukua hata dakika moja, lakini mama yake alikaa sakafuni akamkumbatia kwa muda mrefu, na sisi watu wazima watatu tuliokuwa pale tulitazamana kwa aibu. Tairi lilichomoka kwa sababu ya ubovu wa kichezeo. Lilifika kinywani mwa mtoto kwa sababu ya uzembe wetu. Hata boksi zuri kuliko yote lina vipande vidogo vya namna ile, na si vya kuwekwa mbele ya mtoto aliye chini ya miaka 3.

Seremala wa Billund

Tofauti hii kati ya kilichofanywa vizuri na kilichofanywa ovyo ilitukumbusha habari ya mtu aliyeanzisha kiwanda cha LEGO. Jina lake ni Ole Kirk Kristiansen, seremala katika kijiji cha Billund, Denmark. Miaka ya 1930 ilipoanza, hali ya uchumi ilikuwa mbaya duniani kote, na watu hawakuwa na fedha za kujenga nyumba. Akaanza kutengeneza vitu vidogo ambavyo watu wangeweza kununua: ngazi, meza za kupigia pasi, na vichezeo vya mbao. Mwaka huohuo wa 1932 aliposhika kazi ya vichezeo, mkewe alifariki dunia, akamwachia wana wanne wa kulea. Mwaka 1934 aliipa kazi yake jina la LEGO, kutokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya “cheza vizuri”.

Husimuliwa kwamba siku moja mwanawe Godtfred alirudi kutoka kituo cha garimoshi akiwa na furaha. Alikuwa amepeleka shehena ya bata wa mbao, na alijisifu kwamba ameokoa fedha kwa kuwapaka vanishi mara mbili badala ya mara tatu kama ilivyokuwa desturi. Baba yake hakufurahi. Alimwamuru arudi kituoni, awachukue bata wote, awapake mara ya tatu, kisha awafungashe upya, hata kama kazi ingechukua usiku mzima. Kijana akafanya hivyo. Ni huyu Godtfred ambaye baadaye aliongoza kiwanda na kuandikisha kile kitofali cha mwaka 1958, mwaka uleule aliofariki baba yake.

Mtoto mdogo asingejua kama bata wake amepakwa mara mbili au mara tatu. Seremala alijua. Sisi akina mama tunaelewa jambo hilo, maana kazi zetu nyingi za nyumbani ni za namna hiyo: maji yaliyochemshwa barabara, mboga iliyooshwa mara ya pili. Mtoto hajui, lakini anaishi kwayo.

Baada ya wiki mbili

Tulirudi nyumbani kwa mwenzetu baada ya wiki mbili, maana tulitaka kujua kama kigari kimetupwa uvunguni. Gari la polisi halikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na daladala isiyo na paa, na yule askari alikuwa amesimama mlangoni, kageuzwa konda. Siku iliyotangulia, tuliambiwa, lilikuwa lori la mchanga, ambalo baba na mwana walilijenga pamoja baada ya chakula cha jioni, na baba ndiye aliyekataa kwenda kulala kabla ya kulimaliza.

Hapo ndipo tulipoona thamani ya fedha ile. Kwa vitofali 6 tu vya aina moja na rangi moja, vyenye vinundu 8 kila kimoja, wataalamu wa hesabu wamekokotoa njia 915,103,765 tofauti za kuviunganisha. Mtoto hatazimaliza. Kwa hiyo usihuzunike gari la kwenye boksi likibomolewa siku ya pili. Halikununuliwa likae kabatini.

Wala usifikiri kwamba mtoto asiye na boksi hili amenyimwa kitu. Kaka zetu walitengeneza magari ya waya na ya makopo, wakakata magurudumu kutoka ndala kuukuu, wakayaendesha kwa fimbo ndefu hadi dukani na kurudi. Nao walikosea, wakafumua waya, wakaanza tena. Kama fedha ya nyumba ni ya kuhesabu, mpe mtoto waya uliokunjwa ncha, ndala iliyokatika na muda wako. Somo ni lilelile.

Ushauri wetu

Ikiwa umeamua kununua, zingatia mambo haya:

Anza na boksi dogo. Vipande mia moja hivi vinamtosha mtoto wa miaka 5 au 6. Boksi kubwa humchosha, na mwishowe wewe ndiye unayelimaliza.

Afadhali dogo lililo imara kuliko kubwa lililo bovu. Kama muuzaji ana sampuli iliyofunguliwa, unganisha vipande viwili na uvitoe kwa vidole. Vuta na tairi.

Kila kipande kiwe na nyumba yake. Kopo la maziwa au bati la biskuti lenye kifuniko linafaa. Mtoto akimaliza kucheza, ahesabu matairi kwa sauti. Ni hesabu na ni usalama kwa pamoja.

Kama una mtoto mchanga, mkubwa achezee mezani, si mkekani. Kitu chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha katikati ya karatasi ya choo ni kidogo mno kwa mtoto aliye chini ya miaka 3.

Mwisho, jifunze jambo hili kabla hujalihitaji. Mtoto aliyepaliwa akiwa bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, na usiondoke karibu naye. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, ita msaada mara moja. Mwinamishe kichwa kikiwa chini ya kifua, umpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kiganja. Kitu kisipotoka, mtoto aliye chini ya mwaka mmoja mlaze chali juu ya paja lako, umbonyeze katikati ya kifua kwa kisigino cha kiganja kimoja mara 5. Aliyezidi mwaka mmoja, simama au piga magoti nyuma yake, mzungushie mikono, weka ngumi kati ya kitovu na mbavu, uvute ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu, mgongo na kifua au mgongo na tumbo, hadi kitoke. Usichokoe kooni kwa kidole kitu usichokiona, maana unaweza kukisukuma ndani zaidi. Akilegea na kupoteza fahamu, mlazeni chali mahali pagumu na kuanza kumpa pumzi na kumbonyeza kifua, huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Na hata kitu kikitoka, aliyebonyezwa tumbo apelekwe kwa daktari akaangaliwe.

Basi, jibu letu ni hili: kigari cha vipande 94 kinastahili fedha yake, endapo mnunuzi yuko tayari kukaa chini. Si kukaa ili umjengee mtoto. Kaa umwambie, “Rudi nyuma kurasa mbili,” na uone mdogo wake anatia nini kinywani.

Mwenzetu sasa ameliweka bati lake juu ya kabati. Lile tairi la boksi la pili amelifunga katika kipande cha kitambaa, akalitia ndani ya droo ya vijiko. Tulipomuuliza kwa nini hakulitupa, alisema kila anapofungua droo kuchukua mwiko, hugeuka kwanza kumtazama binti yake yuko wapi.