Mguu wa Matende Usikandwe kwa Nguvu

Siku moja alifika zahanatini kwetu mama mmoja mwenye matende. Ngozi ya mguu wake ilikuwa imechubuka. Nyumbani walikuwa wakiukanda kwa nguvu, kwa maji ya moto, ili uvimbe upungue. Walifanya hivyo kwa mapenzi, lakini walimwumiza.

Matende si uchawi. Huletwa na minyoo midogo sana inayoenezwa na mbu. Mwilini tuna mishipa ya damu. Tuna pia mishipa mingine myembamba, iitwayo mishipa ya limfu. Kazi yake ni kukusanya maji yaliyobaki katika nyama na kuyarudisha kwenye damu. Ni kama mitaro shambani. Mtaro ukiharibika, maji hutuama. Minyoo hiyo huharibu mishipa ya limfu, na mguu huvimba.

Mishipa mingi ya limfu iko karibu na ngozi. Kwa hiyo haitaki nguvu. Papasa mguu taratibu kwa kiganja. Anza na paja, kisha goti, kisha chini ya goti, mwisho wayo. Kila mara mkono uelekee juu, kwenye kinena. Sogeza ngozi tu, usibonyeze nyama.

Lakini kupapasa peke yake hakutoshi. Nionavyo mimi, sabuni ndiyo ya kwanza. Osha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni. Ukaushe vizuri, hasa katikati ya vidole. Vijidudu huingilia hapo, vikaleta homa na kuongeza uvimbe. Ukikaa, inua mguu. Chezesha kifundo. Vaa viatu visivyobana.

Mguu ukiwa na joto, maumivu au kidonda, usiupapase. Nenda zahanati. Ukivimba ghafula, nenda upimwe kwanza. Huenda si matende.

Mwaka 2000 nchi yetu ilianza kugawa dawa za kuzuia matende, kuanzia Mafia. Dawa hizo zikigawiwa kijijini kwenu, mezeni. Laleni ndani ya chandarua.

Mguu wa mama yule haukurudi kama zamani. Lakini homa zimepungua, naye sasa huenda shambani na mkutanoni. Basi tusiwafiche ndugu zetu ndani. Tuwape maji, sabuni na mkono wa upole.