Barua ya Wazi kwa NTSA: Dereva Anayejiona Hodari Ndiye wa Kuogopwa

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA),
Nairobi.

KUH: MADEREVA WASIOYAONA MAKOSA YAO, KAUNTI YA MACHAKOS

Mheshimiwa,



Kila ajali inapotokea Kyumvi, Mlolongo au kwenye barabara ya kwenda Masii, lawama hupata mwenyewe kabla majeruhi hawajafika hospitalini. Mwenye gari la kibinafsi husema ni matatu. Wa matatu husema ni bodaboda. Wa bodaboda husema ni trela, na wa trela humlaumu mama aliyekuwa akivuka na mzigo kichwani. Sijasikia kundi hata moja likisema: hapa sisi ndio tuliokosa. Wakati huohuo, zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka kwenye barabara za Kenya, na walio wengi zaidi kati yao ni wanaokwenda kwa miguu, watu ambao hawana usukani wowote wa kushika.

Hivi karibuni nilikaa kiti cha mbele kwenye matatu ya kwenda Nairobi. Karibu na Kyumvi, mwendeshaji wa bodaboda alikata mbele yetu bila kuwasha indiketa. Dereva wetu alimtukana, akaapa kwamba watu wa aina hiyo ndio wanaowamaliza Wakenya. Alipokuwa akisema hayo, mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani na wa pili ulishika simu, akimpigia mwenzake aliyetangulia kumwuliza askari wamesimama wapi. Muda mfupi baadaye akaipita trela kwa upande wa kushoto, nje ya lami, kwenye vumbi walimokuwa wakitembea wanafunzi. Watoto waliruka pembeni. Yeye hakukatiza hata mazungumzo. Alichofanya wa bodaboda kilikuwa ujinga. Alichofanya yeye, machoni pake, kilikuwa ujuzi wa kazi.

Dereva huyo si mtu mbaya, na wala si wa ajabu. Mwaka 1981 mtafiti wa Uswidi, Ola Svenson, alichapisha utafiti alimowauliza madereva wajilinganishe na wenzao. Kati ya Wamarekani aliowauliza, asilimia 93 walijiweka kwenye nusu ya juu kwa ustadi. Waswidi walikuwa asilimia 69. Hesabu hiyo haiwezekani, kwa kuwa nusu ya juu haiwezi kubeba watu 93 kati ya 100. Sina sababu ya kuamini kwamba sisi wa Machakos tuko tofauti.

Barabara yenyewe humlea dereva anayejiona hodari. Anayepita gari lingine kwenye kona mara nyingi na kufika salama hahesabu bahati, huhesabu uzoefu. Yeye hawaoni tena waliokanyaga breki ili apite, kwa kuwa wamebaki nyuma. Kadiri miaka inavyosonga bila ajali ndivyo anavyozidi kuamini kwamba sheria ziliandikiwa wanagenzi. Ukubwa wa gari nao humwongezea kiburi: mwenye gari kubwa huwasha taa zote kumfukuza wa mbele, na magari ya serikali yenye namba za GK hupita kana kwamba sheria ya kilomita 50 kwa saa mjini haiyahusu. Nyani haoni kundule, Mheshimiwa, na ukimhubiria dereva wa namna hii aendeshe kwa uangalifu, atakuitikia kwa moyo wote, akidhani unamsema jirani yake.

Ndiyo maana naamini dawa ni kumpa dereva macho ya watu wengine. Kenya imekwisha kulijaribu jambo hili. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika ndani ya matatu za safari ndefu stika zinazowahimiza abiria wapaze sauti dereva anapohatarisha maisha yao. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yalionyesha kwamba madai ya bima ya magari yaliyopangiwa stika yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015, lilipata upungufu wa kati ya asilimia 25 na 33. Wengi tunazikumbuka stika hizo za kampeni ya Zusha! Dereva asiyeyaona makosa yake alionwa na waliokaa nyuma yake, nao wakasema.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwanza, rudisheni stika hizo katika kila matatu inayotoka Machakos kwenda Nairobi, Kitui na Wote, na mzilazimishe sacco kuwalinda abiria wanaosema. Leo abiria akifungua mdomo, makanga humwambia ashuke anunue gari lake. Sacco inayovumilia jibu hilo ichukuliwe hatua.

Pili, mwenye gari la kibinafsi asiendelee kuhuisha leseni kwa kulipa ada tu. Kila baada ya miaka kadhaa aendeshe akiwa na mtahini kando yake, naye aambiwe makosa yake ana kwa ana. Muanze na madereva wa magari ya serikali, wa kitaifa na wa kaunti, ili wananchi waone kwamba hakuna aliye juu ya kuangaliwa.

Tatu, kamati ya uchukuzi na usalama ya kaunti iwape viti wanaotembea kwa miguu: mwanafunzi anayepita kando ya lami kila asubuhi, mama mboga wa Mlolongo, mzee anayevuka Kyumvi. Hao huona kila siku makosa ambayo mwenye usukani hayaoni, na hakuna anayewauliza.

Sheria za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, Michuki, za mwaka 2004 zilituletea mikanda na vidhibiti mwendo. Zilishika mwili wa gari. Kazi iliyobaki ni kumfanya dereva asikilize anapoambiwa amekosea, na kazi hiyo ni yenu kuianzisha. Nasubiri jibu lenu la maandishi, na nitalisoma kwa sauti stendini ili wenzangu walisikie.

Wako mwaminifu,
Abiria na mkazi wa Machakos