Baina ya hema na hema kuna haki



Likizo ya Juni iliyopita tuliondoka Gongoni, hapa mjini Tabora, familia tatu katika magari mawili, tukielekea Ujiji kuwazuru jamaa. Tulichukua mahema, mikeka na jiko la mkaa. Usiku ulitukuta njiani, tukaelekezwa kwenye uwanja ulio chini ya miembe, ambako familia nyingine ilikwishatua tangu alasiri. Kwa uchovu na kiza, tuliegesha gari la kwanza mbele ya mlango wa hema lao, la pili tukaliziba nalo njia ya kutokea, na jiko tukaliwasha katikati yetu na wao, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na kinga ya upepo.

Upepo wa kiangazi hauna ahadi. Baada ya isha uligeuka, cheche zikaruka, na ubavu wa hema la jirani ukaungua tundu la ukubwa wa kisahani. Ndani alikuwa amelala mtoto mchanga. Alhamdulillah, mama yake alikuwa macho, akauzima moto kwa kanga iliyolowa maji, na mtoto hakudhurika.

Alfajiri bibi wa familia ile alitujia, akatusalimu, kisha akasema bila kupandisha sauti: "Wanangu, cheche ni ajali, na hilo tumewasamehe. Lakini usiku kucha mkwe wangu ameshindwa kutoka kwenda kutawadha, maana kila akifungua mlango anawakuta wanaume wenu wamekaa pale pale. Hilo si ajali. Hilo mlilipanga wenyewe."

Hatukuwa na jibu. Tuliomba radhi, tukawashonea hema lao, na njia nzima hadi Ujiji tukawa tunajiuliza: je, dini yetu, inayotufundisha hata adabu ya kuingia chooni, imeacha bila mafunzo jambo la kutua safarini?

Haikuacha. Katika mkusanyo wa Abu Daud mna habari mbili ambazo tungezisoma kabla ya kufunga mizigo, tusingeaibika. Ya kwanza imesimuliwa na Abu Tha'alaba al-Khushani (r.a.): watu walipokuwa wakitua pamoja na Mtume (s.a.w.) walikuwa wakitawanyika mabondeni na vichochoroni, naye akawajulisha kuwa kutawanyika huko kunatokana na shetani. Tangu hapo walipotua walisogeleana, hata ikasemwa kuwa lau nguo moja ingetandazwa juu yao ingewaenea wote. Ya pili imesimuliwa na Muadh bin Anas al-Juhani (r.a.): katika safari moja ya vita watu walibanana mahali pa kutua na kuikata njia. Mtume (s.a.w.) akatuma mpiga mbiu awatangazie kwamba mwenye kuwabana wenzake kituoni au kuikata njia hana jihadi.

Tuzitazame habari hizi mbili pamoja. Ya kwanza inakataza kutengana, ya pili inakataza kubanana. Basi kukusanyika si kubanana. Kambi iwe moja, ili mgonjwa apate msaada na mwizi aonekane. Lakini ndani ya kambi hiyo kila familia iwe na mwanya wake, na njia ibaki njia. Na tuone uzito wa hukumu yenyewe: mtu ametoka kwa ajili ya Allah, ameacha nyumba na mali yake, kisha anaambiwa thawabu zake zimepotea kwa sababu ya namna alivyotua. Vipi sisi tuliotoka kwa matembezi tu?

Aibu yetu ilizidi kwa kuwa sisi ni watoto wa mji wa misafara. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, kila kilichopita baina ya Bagamoyo na Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, kilipita kwa miguu. Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, mji uliokuja kuwa sehemu ya Tabora, mwezi Novemba 1857, walikuwa wametumia siku 134 kutoka pwani. Wenyeji husimulia kuwa hata jina la mji wetu limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula cha msafiri kisichohitaji moto njiani.

Hatusemi hayo ili kuipamba njia ile. Wapo waliopita humo shingo zikiwa kwenye minyororo, na hilo halina pambo. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, kwa mabega yao wenyewe, walijua kuishi wengi mahali padogo. Msafara ulikuwa na kirangozi aliyetangulia na bendera. Burton ameandika kuwa aliyempita kirangozi alitozwa faini: mshale mmoja ulitolewa podoni mwake, uwe ushahidi mwisho wa mwendo. Misafara miwili ilipokutana katika njia nyembamba, viongozi walisukumana vichwa kama kondoo dume, watu wakacheka, kisha ulio mdogo ukaupisha ulio mkubwa. Na huko Mgunda Mkali, nyika kavu iliyo kati ya Ugogo na Unyanyembe, aliyechafua dimbwi leo alikuwa amemnyima maji asiyemjua, atakayefika kesho.

Neno lenyewe limesafiri. Karavani, asili yake ni Kiajemi, na maana yake ilikuwa msafara. Leo Ulaya ni jina la nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Nchini Uingereza, ambako wamo pia ndugu zetu wa Afrika Mashariki, kanuni za viwanja vya karavani zinataka mita 6 baina ya makazi ya familia moja na ya nyingine. Sababu yake kubwa ni moto: karavani moja ikiwaka, isiiwashe ya pili. Mita 6 ni kama hatua nane za mtu mzima. Sisi usiku ule hatukuacha hata hatua tatu.

Basi, wazazi wenzetu, kwa kuwa siku hizi familia nyingi huazima basi dogo na mahema kwenda kwenye harusi, maulidi au mbuga za wanyama, tukumbushane machache.

Kwanza, awepo kiongozi. Mtume (s.a.w.) ameagiza kuwa watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao amiri. Kazi ya amiri wa familia ni kushuka garini kabla ya wengine, kuwatolea salamu waliotangulia, na kuwauliza wapi pa kuegesha pasipowaudhi. Aliyetangulia ana haki ya kuulizwa. Salamu na swali havichukui dakika tano, na sisi tulivikosa vyote viwili.

Pili, tufike kungali na mwanga, na tusitue njiani. Imam Muslim amepokea makatazo ya kulala usiku juu ya njia, kwa kuwa ni mapito ya wanyama na makimbilio ya wadudu wenye sumu. Leo tuongeze malori.

Tatu, tuhesabu zile hatua nane, na mlango wetu usitazamane na mlango wa jirani. Hema ni nyumba, na turubai halifichi kama ukuta. Waliomo ndani wana stara yao, na mwanamke ahitajiye maji usiku asilazimike kupita mbele ya wanaume wasio maharimu zake. Gari nalo lielekezwe kwenye njia ya kutokea, ili mwenye mgonjwa usiku wa manane asihitaji kutuamsha.

Nne, moto uwe upande ambao upepo unatoka kwetu kwenda penye uwazi, usielekee kwa mtu. Ndoo ya maji au mchanga iwe karibu. Kabla ya kulala uzimwe kabisa, kama alivyoagiza Mtume (s.a.w.) baada ya nyumba moja ya Madina kuungua usiku na wenyewe wamo ndani.

Tano, tuchunge sauti. Wako wanaodhani kuwa kaswida au kisomo kikifunguliwa kwa nguvu hakiwezi kuwa udhia. Abu Said al-Khudri (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.), akiwa katika itikafu, aliwasikia watu wakisoma Qur'an kwa sauti kubwa. Akawaambia kuwa kila mmoja wao anazungumza na Mola wake, hivyo wasiudhiane kwa kupandishiana sauti. Ikiwa hivyo ni kwa Qur'an msikitini, jenereta na redio ya gari vitakuwaje?

Sita, tujihadhari na yanayomletea mtu laana: kujisaidia penye maji, njiani na kwenye kivuli. Kivuli cha mwembe si mali ya aliyelala chini yake usiku mmoja. Miembe ile ipo kwa sababu yupo aliyetutangulia akaipanda, naye hatukumjua wala yeye hakutujua. Watoto wetu waokote taka kabla hawajapanda gari, wazoee kumtendea wema msafiri wasiyemwona.

Tuliporudi kutoka Ujiji tulipita tena uwanjani pale, kungali mchana. Familia ile ilikwishaondoka. Palipokuwa na jiko lao mchanga ulikuwa umesawazishwa, na kando ya shina la mwembe waliacha kuni kavu zilizofungwa kwa kamba, tayari kwa atakayefika. Tulihesabu hatua nane kutoka njiani, tukateremsha mizigo, na tulipoondoka asubuhi tukaziacha kuni zile na nyingine juu yake.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe tulipowabana wenzetu, na atujaalie kuwa majirani wema hata kwa usiku mmoja. Wabillahi tawfiiq.