Swali la simu laweza kumwokolea mkulima nauli na mguu

Mkulima wa kahawa wa Mbinga anayebadilishiwa nyonga katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, hurudi nyumbani na kiungo bandia, magongo na tarehe ya kliniki. Kati yake na daktari kuna takriban kilometa 1,000. Kwenda kuonwa kwa dakika chache ni nauli ya watu wawili, kwani hawezi kusafiri peke yake, malazi, na siku kadhaa ambazo kahawa inaiva bila mchumaji. Ikiwa ni Julai, si ajabu akaamua asiende.

Hapo ndipo hasara huanza. Kidonda kinachotoa usaha hudhaniwa kitakauka chenyewe. Vijidudu vikifika kwenye kiungo bandia, mara nyingi hulazimu upasuaji mwingine. Donge la damu mguuni likisafiri hadi mapafuni, linaweza kuua.

Ujumbe mfupi wa simu unaweza kuwahi mambo hayo. Nchini Kenya njia hiyo ilijaribiwa kuanzia mwaka 2007 katika utafiti wa wagonjwa 538 wa Ukimwi. Nusu yao hivi waliulizwa kila wiki "Mambo?", wakajibu "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, au aliyenyamaza siku mbili, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walizingatia dawa, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao.

Pale ujumbe haukuachwa peke yake; kulikuwa na mtu wa kupiga simu. Hospitali itakayonunua mtambo wa kutuma ujumbe bila kumtenga muuguzi wa kusoma majibu itakuwa imetupa fedha.

Tena kwa nyonga, "Mambo?" haitoshi. Mkulima mwenye hamu ya shamba atajibu sawa hata akichechemea. Aulizwe waziwazi: kidonda kinatoa maji? Una homa? Mguu umevimba? Umeanza kuchuchumaa? (Kuchuchumaa mapema kunaweza kuchomoa nyonga mpya.) Gharama ya jibu ibebwe na hospitali, na namba ya anayemuuguza iandikwe pia, maana simu ya nyumbani haikai mfukoni mwa mtu mmoja.

Nyuzi zinaweza kutolewa hospitali ya wilaya. Basi la Dar es Salaam apande yule ambaye majibu yake yamemtia muuguzi wasiwasi, na apigiwe simu siku hiyohiyo.